Taa Niliyoamuru Izimwe

Jumatatu, juma la nne la Kwaresima. Asubuhi.

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Si ile ya kishindo, ni ile ya kunong'ona juu ya bati. Siku yenye mwanga, ukikaa hapa barazani kwa dada yangu unaliona ziwa hadi milima ya ng'ambo. Leo ukungu umelifuta lote, umetubakizia migomba mitatu na mwanzo wa njia. Goti langu la kushoto limevimba kama papai. Nitaeleza limevimbaje.

Nataka kuandika haya kabla sijaanza kuyarekebisha kichwani ili yanipendeze. Najijua.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mpima ardhi mstaafu. Niliondoka huku Ngumbo nikiwa na miaka ishirini, nikarudi mwaka jana nikiwa na sabini, baada ya kumzika mke wangu Singida. Katikati hapo nimeishi Kahama, Manyoni, Dodoma na Singida, nikipanda mawe ya mipaka kwenye ardhi za watu wengine. Sasa ninakaa kwa dada yangu mkubwa, Eufrasia, mjane wa miaka themanini. Kazi yake kanisani ni moja, na ameifanya tangu mimi sijaoa: anatunza taa.

Kigango chetu hakina padre. Tuna kanisa dogo la matofali ya kuchoma, na padre hutoka parokiani, kilomita kumi na moja kwa njia ya mwambao, mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine Mwalimu Hyasinti, katekista wetu, huongoza Ibada ya Neno na kutugawia komunyo iliyohifadhiwa ndani ya Tabernakulo, lile sanduku dogo la mbao nyuma ya altare. Kando yake inaning'inia taa yenye kioo chekundu. Taa ikiwaka, maana yake Bwana yumo. Tukiingia tukaiona, tunapiga goti kabla ya kukaa. Hata yule jamaa anayekuja Jumapili akinuka pombe ya Jumamosi hupiga goti, na mara nyingine husaidiwa kunyanyuka.

Mwaka huu mvua zimekuja na hasira. Mto ulio kati yetu na parokia ulibeba daraja la miti, na juma hilohilo Paroko akaanguka na pikipiki, akavunjika mguu. Tukakaa majuma matano bila kumwona padre. Hostia, ile mikate myembamba ya komunyo, zilipopungua, Mwalimu alianza kuzivunja nusu, kisha robo. Jumapili moja akatugeukia akiwa na chombo kitupu mkononi.

"Wapendwa," alisema, "zimekwisha. Tuendelee kuomba."

Jumapili iliyofuata niliingia, nikaiona taa inawaka.

Watu waliendelea kupiga goti kama kawaida. Mimi nilibaki nimesimama, mkono kwenye benchi, nikiwatazama. Ibada ilipokwisha nilimfuata Mwalimu kule mbele, karibu na altare.

"Mwalimu, ndani ya Tabernakulo mna kitu?"

"Hapana, Mzee. Si nilitangaza?"

"Na taa inawaka."

Akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Bibi Eufrasia ndiye huiwasha, Mzee. Mimi huwa siigusi."

"Watu wote hawa wamepiga goti leo mbele ya sanduku tupu. Taa hii inasema uongo. Izime."

Mwalimu Hyasinti ni mtu mzima, ana watoto wanne na anaheshimika. Lakini mimi ni mzee, nimesoma, nimetoka mbali, na nilisema kwa ile sauti niliyoitumia kazini kuwaambia wenye nyumba kwamba ukuta wao umeingia barabarani. Akainua kioo, akapuliza.

Nilikuwa sahihi. Bado naamini nilikuwa sahihi. Utaratibu wa kanisa ndivyo ulivyo: hakuna Sakramenti, hakuna taa.

Nilikuwa sahihi, na nilirudi nyumbani nimeridhika kama mtu aliyeshiba.

Jioni ile Dada alikwenda kuongeza mafuta, akakuta giza. Mwalimu akamwambia ni agizo la nani. Hakuiwasha tena, na hakunisemesha. Juma zima nilikula ugali wa muhogo na usipa, dagaa wetu wa ziwani, nikisikia kutafuna kwangu mwenyewe.

Kisha ikaja Jumapili ya giza.

Watu waliingia, wakatazama pale mbele, miguu ikasita. Wakakaa. Mwanzoni walinyamaza kwa aibu, kama wageni waliofika mahali wakaambiwa mwenyewe hayupo. Halafu maneno yakaanza: mbolea imechelewa, fulani kaposa Mbinga, nani kamwona ng'ombe mwekundu. Simu ya mtu ikaita, akapokea, akaongea mpaka akamaliza. Mama mmoja aliweka kapu lake la usipa juu ya ngazi ya altare kwa kuwa sakafu ilikuwa na maji. Hakuna aliyemkemea. Mimi ningemkemea kwa hoja gani? Mimi ndiye niliyewapimia mahali pale na kuwaambia hapana kitu.

Dada hakuingia. Alikaa nje kwenye ngazi, khanga kichwani, rozari mkononi, manyunyu yakimwangukia. Tulipotoka nikamwendea.

"Dada, ungeingia tu. Umelowa."

"Niingie nimwamkie nani?"

Tulirudi. Nyumbani alichukua ungo, akaanza kuchambua maharage. Nikashindwa kuvumilia.

"Ulijua hamna kitu. Mwalimu alitangaza nawe ulikuwepo. Kwa nini uliendelea kuiwasha?"

Hakuinua uso. "Osmundi, unakikumbuka kigoda chako?"

Sikukikumbuka.

"Kile alichokuchongea Baba. Ulipoondoka, Mama alikiacha palepale mkabala na jiko. Kila asubuhi anakifuta vumbi. Mgeni akitaka kukikalia anamwambia, hicho kina mwenyewe. Miaka kumi na minne. Siku tunamtoa ndani kwenda kumzika, kigoda kiko pale."

"Dada, nilikuwa naandika barua."

"Zilifika. Tulizisoma. Mwandiko mzuri." Akatupa kijiwe nje. "Sasa niambie. Kati yetu sote, nani alikwenda kumwambia Mama kwamba kile kigoda kinasema uongo?"

 

Sikurudi Mama akiwa hai. Nilikuwa nikisema ni kazi, ni umbali, ni likizo fupi. Mpima ardhi anajua umbali ni nini. Haukuwa umbali.

Dada alitikisa ungo, akaendelea kwa sauti ileile ya kuchambua maharage. "Mimi sigombani na ukweli wako. Ukweli ni wa Mungu. Umezima, umezima. Ila wewe mwenye ukweli, mbona umekaa? Mtu akiambiwa mwenye nyumba hayupo, si anauliza kaenda wapi, akamfuate?"

Hapa lazima niungame jambo ambalo sijaliandika popote.

Nilisoma Kigonsera nikiwa mdogo, na huko nilikuwa mtumishi wa altare. Mchana mmoja zamu yangu ya kufagia ilinikuta peke yangu kanisani. Nilikuwa nafagia chini ya ngazi, nikasimama ghafla. Hakuna kilichotokea. Hapakuwa na sauti wala mwanga. Nilijua tu kwamba siko peke yangu, na kwamba huyu aliyepo ni mkubwa na ni safi kiasi kwamba ufagio ulinitetemeka mkononi. Niliogopa, na sikutaka kuondoka. Hofu ile haikunifukuza, ilinivuta. Nilimaliza kufagia nikitembea kwa ncha za vidole.

Haikurudi tena.

Kwa miaka hamsini niliitafuta pasipo kusema ninatafuta nini. Katika makanisa makubwa ya mijini nilikaa benchi la nyuma, nikikagua. Kwaya imepanda mno. Spika zinakoroma. Msomaji hakujiandaa. Padre amerudia mahubiri ya mwaka jana. Kila Jumapili nilitoka na orodha. Marehemu mke wangu akiniuliza, "Umesali?" nilimsimulia mahubiri.

Alipofariki nikajaribu kusali, nikashindwa. Sikuwa nimeacha kuamini. Nilikuwa kama mtu anayepiga hodi usiku wa shida kwenye nyumba aliyoipima kuta zote, lakini mwenyewe hakuwahi kumsalimia.

Nilirudi Ngumbo kuitafuta hofu ile kabla sijafa. Watu niliwaambia nimekuja kupumzika.

Asubuhi ya Jumatatu nilikwenda kwa Mwalimu, nikamwambia twende wenyewe parokiani, tukailete Ekaristi. Kibali cha kuibeba anacho.

"Nilikuwa nangoja maji yapungue, Mzee."

"Hayajapungua?"

Akainama, akachora chini kwa kijiti. "Kwa mtu wa miguu yalishapungua muda. Wamefunga na kamba. Ila taa ilikuwa inawaka, Mzee. Hakuna aliyeuliza."

Nilifurahi moyoni kwa nusu dakika, kwa kuwa neno lake lilinipa ushindi. Kisha nikakumbuka kwamba mimi pia sikuuliza. Niliamuru tu.

Dada aliposikia, aliingia ndani akatoka na kengele ndogo ya shaba iliyofungwa kitambaani. Alitupa sharti. Zamani, padre akipeleka komunyo kwa mgonjwa, mbele yake alitangulia mtu na kengele. Watu wakiisikia waliacha majembe, wakapiga magoti. Anayebeba na anayetangulia hawakusema na mtu yeyote njiani. Hawakusalimia, wala hawakuitikia.

"Hata shikamoo?" Mwalimu akauliza.

"Hata shikamoo."

"Bibi, watatuona tumerogwa."

"Wawaone. Mkiwa na Yeye, wa kuamkiwa ni Yeye."

Asiye wa huku hawezi kuujua uzito wa sharti hilo. Kupita mbele ya watu kimya, kuamkiwa usiitikie, ni tusi ambalo hata wajukuu wako watakuja kulilipia. Nikauliza kengele ataibeba nani, nikidhani tutatafuta mtu mwenye miguu mizuri.

"Ataibeba huyu mwenye maneno," Dada akasema.

Juzi Jumamosi mvua ilikata asubuhi, tukaondoka. Wakati wa kwenda tuliongea njia nzima, kama watu wanaojiwekea akiba. Mtoni tulimkuta Menasi, jamaa mwenye mabega mapana anayewavusha watu, na maneno yake ni mengi kuliko maji. Maji yalifika kiunoni, ya matope, na chini mawe yanateleza. Tulishika kamba kwa mikono yote miwili, tukavuka tukicheka.

Paroko tulimkuta barazani, mguu wenye hogo la plasta umelazwa juu ya stuli.

"Mzee Osmundi! Umekuja kunipimia kiwanja cha kaburi?"

"Bado, Baba. Kwanza mguu wako una hatimiliki ya stuli hiyo?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Nilipomweleza habari ya taa aliacha kucheka. Aliniuliza kama nataka kuungama. Nikakubali. Niliyomwambia yako kwake na kwa Mungu, na aliyonijibu nitakaa nayo. Kisha akajikongoja na magongo hadi kanisani, akahesabu hostia mia mbili kwenye kikasha, akakitia katika mfuko mdogo, akamvisha Mwalimu shingoni na kumfunika kitambaa cheupe begani. Mwalimu akaweka viganja vyote viwili kifuani juu ya mfuko ule. Hakuviondoa tena.

"Kuanzia hapa," Paroko akasema, "ninyi wawili hammjui mtu."

Nikatikisa kengele, nikatangulia.

Kilomita za kwanza sikuwa na ibada yoyote moyoni. Nasema kweli. Nilikuwa nikiona haya. Mzee wa miaka sabini na moja, suruali imekunjwa, anapita njiani akigonga kengele kama muuza aiskrimu.

Kabla ya mto tuliwakuta akina mama wakianika usipa.

"Shikamooni, wazee wetu!"

Nikatikisa kengele.

"Mh! Hawa leo wamekuwaje?"

"Si yule mzee wa mjini? Mtu akishazoea lami, salamu zinakuwa mzigo."

"Na Mwalimu naye kaambukizwa!"

Wakacheka. Masikio yaliniwaka. Nilikuwa na majibu matatu mazuri, na yote matatu niliyameza. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa ameketi nyuma yao kwenye gogo akasema, "Nyamazeni." Alikuwa ameisikiliza kengele, hakuwa amenitazama mimi. Akashuka kutoka kwenye gogo, akapiga magoti yote mawili kwenye matope. Kicheko kikakatika. Mmoja baada ya mwingine nao wakashuka, mmoja wao bado ameshika sinia la usipa. Sikuweza kusimama kumshukuru. Nilipita tu, na sikusikia tena neno nyuma yangu.

Dereva mmoja wa bodaboda alitufuata. "Babu, pandeni! Nawapakia mishikaki, wote wawili, mtafika mara moja!" Alitembeza pikipiki sambamba nasi, akitutajia ubaya wa njia iliyobaki. Kisha akakiona kitambaa cheupe na mikono ya Mwalimu. Akazima. Sikusikia akiwasha mpaka tulipopinda kona.

Halafu tukafika mtoni.

Kwenda tulikuwa tumeshika kamba kwa mikono miwili. Sasa Mwalimu hakuwa na hata mmoja.

"Mwalimu, shika kamba!" Menasi akapiga kelele kutoka ng'ambo. "Mwalimu! Kamba hiyo! Mmegombana nyie? Mbona mmenuna?"

Nikainua kengele juu, nikaitikisa. Akanyamaza. Akaingia majini bila kuambiwa, akaja hadi kwetu, na alipokaribia sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa.

"Kumbe," akasema.

Alisimama upande maji yanakoelekea, bega lake likaegemea ubavu wa Mwalimu. Mimi nikashika mkono wa Mwalimu juu ya kiwiko, kengele katika mkono mwingine. Tukaanza kuvuka hatua kwa hatua. Katikati, jiwe liligeuka chini ya mguu wangu, goti likagonga mwamba. Nilifungua kinywa kulia, nikakifunga.

Na pale pale, maji kiunoni, ikaja.

Nilikuwa nimemshika mtu aliyembeba Yeye aliyeuumba mto ule. Alikuwa mwepesi kuliko pakiti ya chumvi. Angeweza kuyasimamisha maji, na alikuwa akitutegemea sisi watatu, katekista, mvushaji mwenye maneno mengi na mzee mwenye kiburi, tusianguke. Sijawahi kuogopa hivyo maishani isipokuwa siku moja. Sikuyaogopa maji. Mkono ulinitetemeka kama ulivyotetemeka Kigonsera na ufagio, na kengele ikalia yenyewe, sikuitikisa mimi.

Sikutaka mto uishe.

Kilomita zilizobaki nilichechemea, na sikujali tena nani ananitazama. Karibu na kwetu tulipita duka la Mzee Shaweji, Mwislamu ambaye babu yake alitoka Kilwa na kuja kufanya biashara huku. Redio yake huwa haizimwi mchana. Aliposikia kengele aliizima, akasimama mlangoni, akaweka mkono kifuani, akatazama chini mpaka tukapita.

Kengele ilikuwa imesikika hadi mlimani. Tulipofika, uwanja wa kanisa ulijaa watu, wengine wametoka shambani na majembe. Hakuna aliyewaita. Hakuna aliyesema. Dada alikuwa mlangoni, kiberiti mkononi, na nadhani alikuwa amesimama hapo tangu tuondoke.

Mwalimu aliweka kikasha ndani ya Tabernakulo, akafunga. Dada akainua kioo chekundu. Njiti ya kwanza ilikatika. Ya pili ikashika.

Nikapiga goti. Nilipiga lile la kushoto, kwa kuwa katika mshtuko ule nilisahau lipi linauma. Halikunyanyuka. Nikalishusha na la kulia, nikabaki chini. Sikukagua kitu. Sijui kama watu waliimba, na kama waliimba, sijui kama walipanda mno. Nilichokijua ni kwamba Yumo, na kwamba mimi nimo.

Baada ya muda Dada akanong'ona kando yangu. "Osmundi, sasa unaweza kusema."

"Sina la kusema, Dada."

Jana Jumapili watu waliingia, wakaiona taa, wakashuka chini. Mama wa lile kapu la usipa alisita mlangoni, akarudi kuliacha nje. Ibada ilipokwisha paka wa Mwalimu alikuwa ameshajihudumia. Mama yule hakulalamika. Nilipokea komunyo, na niliporudi kwenye benchi nilijifunika uso, kama mke wangu alivyokuwa akifanya, jambo ambalo siku zote nililiona la kujionyesha. Kisha nikasali. Nilianza kwa jina lake.

Alasiri Mzee Shaweji alikuja na chupa ya dawa ya kuchua. "Pole na goti," akasema. "Jana nilikuona una safari isiyo ya maneno, sikukuita." Sikujua kwamba goti langu limeshafika dukani. Dada alimkaribisha chai, akanicheka.

Hesabu ninayo, mpima hawezi kuiacha. Hostia mia mbili kwa watu wetu zitakwenda Jumapili tatu, nne kama Mwalimu atavunja. Zikiisha daraja likiwa bado, taa itazimwa. Nimezungumza na Dada, amekubali, kwa sharti lake: ataizima mtu ambaye ameshavaa viatu vya safari. Kengele nimeitundika kwenye msumari karibu na mlango wangu.

Leo asubuhi, nilipokuwa natoka kwenda barazani na simu yangu kuandika haya, nilikuta kitu kimewekwa mkabala na jiko. Kigoda. Kidogo kuliko nilivyodhani, kiti cha kijana, mbao imekuwa nyeusi kwa moshi na mng'ao kwa kufutwa. Mama alipofariki Dada alikichukua, akaendelea.

Nikamuuliza kwa nini hakunipa mwaka jana nilipofika.

"Mwaka jana ulikuja kukagua," akasema, akaendelea kupuliza moto.

Sijakikalia bado. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nikikitazama kupitia mlango, nikiona haya. Nikimaliza sentensi hii nitanyanyuka, goti likiniruhusu, niingie ndani, nimwamkie Dada kwanza, kisha niketi mahali ambapo kwa miaka hamsini na moja hapakuwa na mtu, na hapakusema uongo hata siku moja.